Ardhi ya Bure Haipo Ziwa Mweru

Nimechoka kuambiwa kwamba kwetu ardhi ni ya bure. Wanasiasa wa Zambia wananiambia hivyo kila msimu wa kampeni, na hapa chuoni naambiwa tena na wenzangu wenye nia njema ambao hawajawahi kukanyaga Luapula. Wakisikia natoka Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, husema: "Una bahati wewe! Ukimaliza, rudi nyumbani, chukua ekari zako, jenga." Kana kwamba ekari zinaning'inia mtini zikimsubiri msomi aje kuzichuma. Kauli hiyo ni ya uongo, na wanaoumizwa nayo zaidi ni wanawake.

Kwa asiyepafahamu, Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kiswahili nilikisikia mara ya kwanza katika soko la samaki la Kashikishi, kwa wafanyabiashara waliovuka kutoka Pweto na Kilwa. Kilwa hiyo ni mji wa Kongo, na ndani ya ziwa hilohilo kuna kisiwa chetu kiitwacho Kilwa pia. (Nilipomwambia mwenzangu mmoja kwamba nina shangazi Kilwa, aliniuliza kama mabasi ya huko bado yanaondokea Mbagala.)

Tunaishi kwa chisense. Hao ni samaki wadogo, ndugu wa dagaa wa Kigoma. Wanaume huwavua usiku kwa taa, na alfajiri wanawake huwapokea ufukweni, huwamwaga mchangani na kuwageuza juani mpaka wakauke. Jioni wamo kwenye magunia, tayari kwa safari ya kwenda migodini, Copperbelt au Lubumbashi. Naomba msomaji aukumbuke mchanga huo, maana ndio kiwanda chetu. Hauna kuta wala mashine, na bila huo samaki wanaoza. Kisha kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu hatuna ziwa; tuna mihogo. Kwa hiyo familia ya kwetu husimama juu ya mafiga matatu: maji, mchanga na shamba la muhogo. Hakuna hata figa moja lenye jina la mtu kwenye karatasi.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ardhi ya Zambia ya mwaka 1995 inaiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, kisha inaigawa mafungu mawili: ya kimila, iliyo chini ya machifu, na ya kukodi kwa hati, kwa kawaida miaka 99. Kabla yake, tangu 1975, ardhi tupu haikuwa na bei kisheria. Uliuza nyumba au miti uliyopanda. Sheria ya 1995 ikaipa ardhi bei. Ikaruhusu pia mtu kuigeuza ardhi ya kimila kuwa ya hati, mradi chifu akubali na halmashauri iridhie.

Kwenye karatasi mlango uko wazi kwa kila mtu. Sasa hesabu safari yenyewe: kwa mkuu wa kijiji, kwa chifu, halmashauri, kwa mpima ardhi, wizarani, kisha kodi ya ardhi kila mwaka. Mama anayeuza muhogo kwa sahani anaanzia wapi? Safari hiyo anaimaliza mfanyabiashara, au ofisa wa Mansa na Lusaka anayejiandalia kustaafu. Na mtu kama huyo hafuati msitu wa mihogo. Anafuata ufukwe, penye upepo na mandhari, mahali pa kujenga nyumba ya wageni. Anaweka ukuta, na ndani ya ukuta umo mchanga wa kuanikia chisense. Ardhi ikishapata hati haimrudii chifu kirahisi. Hakuna aliyeonewa kisheria, na wanawake arobaini hawana pa kuanika.

Lakini hilo la ukuta angalau linaonekana kwa macho. Lipo jingine lisiloonekana, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 1989 Zambia ilipitisha sheria ya mirathi kwa wanaokufa bila kuacha wosia. Ni sheria nzuri. Katika mali ya marehemu, watoto wapate asilimia 50, mjane 20, wazazi 20, na wategemezi wengine 10. Ilitungwa kwa sababu ndugu wa marehemu walikuwa wakikomba kila kitu kabla matanga hayajaisha. Sheria hiyohiyo, mwanzoni kabisa, inasema haitahusu ardhi ambayo marehemu aliishika kwa mila. Soma tena. Kijijini karibu ardhi yote ni ya kimila. Maana yake, mjane wa mjini analindwa pamoja na kiwanja chake, na mjane wa ziwani analindwa pamoja na sufuria zake.

Katika kijiji kimoja kaskazini ya Kashikishi yupo mama ambaye jina lake silitaji. Matofali ya nyumba yake aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe, na mabati aliyanunua kwa fedha za chisense, misimu miwili. Mumewe alipofariki walikuja wapwa zake. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mrithi wa mwanamume ni mtoto wa dada yake. Walikuwa watu wa heshima, hawakumpiga wala kumtukana. Walimwambia tu: "Mama, mabati ni yako, ardhi ni yetu." Akayashusha. Nilipomwona mara ya mwisho yalikuwa yameegemezwa ukutani kwa dada yake, yakiota kutu. Mtu wa namna hiyo utamwambia ardhi ni ya bure? Yeye aliilipia miaka kumi na tisa.

Wapo walimu wetu watakaonijibu kwamba mila ndiyo imeiokoa ardhi ya Afrika isiuzwe kama nyanya, na kwamba hati ni silaha ya wenye nacho. Nakubali nusu. Bila machifu, ufukwe wa Mweru ungekuwa umekwisha kugawanywa zamani. Lakini mila iliyoilinda ardhi dhidi ya mgeni haijamlinda mjane dhidi ya mpwa wa mumewe. Hizo ni kazi mbili, na moja haijafanywa.

Tena wanaotuambia kwamba mwanamke na ardhi ni mbalimbali "kwa mila" hawaijui mila yenyewe. Masimulizi makubwa ya Luapula yanamhusu mwanamke, Nachituti. Kaka yake, Nkuba, alimuua mwanawe. Nachituti akamwita Mwata Kazembe amlipizie, na Nkuba aliposhindwa, ni yeye aliyemkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu Luapula jina la zawadi hiyo. Watu wanakwenda Mwansabombwe kila Julai kushangilia Mutomboko, sherehe ya ushindi wa Mwata Kazembe, na haki yake juu ya nchi ile inasimuliwa kwamba ilitoka mikononi mwa mwanamke. Wajukuu wa Nachituti hawawezi kukabidhi hata tuta la muhogo.

Waswahili wana neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuandikeni. Sisemi tukimbilie hati za miaka 99. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kijiji chenyewe kinaweza kutoa hatimiliki ya kimila, na sheria inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kushika ardhi. Wenzangu wa hapa wataniwahi kusema kwamba benki nyingi huitazama hati hiyo kwa jicho la pembeni, na kwamba Tangazo la Sheria za Mila la 1963 bado linamnyima mjane urithi. Ni kweli, nanyi mna vita vyenu. Hata hivyo daftari lipo kijijini, na mtu anaweza kulifungua na kubishana nalo. Sisi tunabishana na kumbukumbu za wazee, na wazee wanakufa.

Na isisemwe kwamba kuandika watu wa porini ni kazi isiyowezekana. Huko Mantapala, ndani ya wilaya yetu, wakimbizi wa Kongo wamekuwa wakigawiwa viwanja tangu 2018. Siwaonei wivu; wamefika na vilio vyao, na viwanja hivyo si milki yao. Nasema tu kwamba ilipohitajika kupima na kuandika familia moja baada ya nyingine, ilifanyika, tena upesi.

Ninachodai ni hiki. Kifungu kile cha sheria ya 1989 kifutwe, au kiandikwe upya ili mjane na watoto wasing'olewe juu ya ardhi waliyoilima. Kila kijiji kiwe na daftari la ardhi lenye majina ya mume na mke. Na fukwe za kuanikia samaki zitengwe ziwe za wote, asiweze chifu wala waziri kuzigeuza kuwa za mtu mmoja. Tukishayapata hayo, nitayasikiliza mahubiri ya kurudi kijijini kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kwa sasa, likizo ikianza, nitakwenda na mama kwa mkuu wa kijiji kuomba barua ya shamba letu la muhogo. Ameshaniambia kwamba ndugu wa upande wa baba watauliza haraka ni ya nini, na baba mwenyewe mzima. Nimemjibu kwamba ndiyo maana: baba bado mzima, anaweza kusema kwa mdomo wake shamba ni la nani.