Mtaji wa Tenga Moja

Mwishoni mwa Machi 2020, ili kuzuia UVIKO-19, wachuuzi wa vyakula mjini Kampala waliagizwa walale sokoni siku 14. Pale Nakasero akina mama walifunga vyandarua juu ya meza zao. Soko lilibaki wazi, lakini magari ya abiria yalisimamishwa na bodaboda zikakatazwa kubeba watu. Mnunuzi angefikaje? Nyanya haingoji. Tena fedha ya tenga la kesho ndiyo hiyo hiyo inunuayo unga wa leo. Askari waligawa nyumba kwa nyumba unga kilo 6 na maharagwe kilo 3 kwa kila mtu. Chakula kilipatikana, mtaji haukurudi. Nasi wa mshahara tulikuwa tukilalamikia bei ya fungu.