Mali Bila Daftari: Kabuti la Vita Katika Meru na Embu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inawahusu wafanyabiashara, lakini inawafaa pia wakusanyaji wa zana za kijeshi za zama za vita: makabuti, mikanda ya turubai, chupa za maji na mikebe ya chakula.

Ikumbukwe kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945) Kenya ilitoa takriban wanajeshi 98,000. Wana wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwao. Wengine waliingia Keya, jina ambalo Kiswahili kililifinyanga kutokana na herufi tatu za kikosi cha King's African Rifles. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma katika bonde la Kabaw, ikavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Baadhi ya waliorudi walirudi na vifaa vyao.

Mkusanyaji hodari huanza kwa kusoma muhuri. Mshale peke yake ni alama ya serikali ya Uingereza. Mshale ndani ya herufi C ni ya Kanada. Ndani ya herufi U ni ya Afrika Kusini. Aghalabu mwaka na jina la kiwanda huandikwa kando yake. Elimu hii si ya kubezwa, kwani huonyesha jinsi nchi washirika zilivyovisha majeshi ya dola moja.

Hata hivyo, muhuri humtaja mtengenezaji, haumtaji mvaaji. Hapa ndipo penye tatizo. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, kabuti la aina moja liliweza kuwa mgongoni mwa mzee aliyetoka Burma, mlinzi wa kijiji aliyeitumikia serikali ya kikoloni, au mpiganaji wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya. Waruhiu Itote mwenyewe alipigana Burma akiwa askari wa Mwingereza, kisha akawa Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa mlima huo hadi alipokamatwa Januari 1954. Je, kabuti lisilo na maelezo litatuambia lilikuwa upande gani?

Wapo wanaodai kwamba vifaa hivi ni masalia ya ukoloni, heri vioze. Dai hili halina mashiko. Kuoza kwa kabuti hakumfuti aliyelivaa. Humnyima tu mjukuu wake ushahidi. Wapo pia wanaoitegemea sheria. Lakini Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa kifaa cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Kabuti la mwaka wa 1943 haliingii humo kwa umri wake. Kwa hiyo mnunuzi hulibeba, na habari zake hubaki kwa wazee.

Wazee nao hawangoji. Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha alizaliwa mwaka wa 1927. Mashahidi waliosalia kwa wingi ni watoto na wajukuu.

Kazi hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu lugha yetu ni ghala la vita hivyo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi hutukumbusha wapagazi wa Vita vya Kwanza, ingawa mizigo yao haipo tena. Neno kabuti nalo lilipanda kutoka pwani hadi bara. Kikeya, Kiswahili cha kambini, kinastahili utafiti katika vinywa vya familia za askari hao.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Embu na Chuka hawana budi kuanza nyumbani kwao. Wasinunue. Waombe idhini, wapige picha ya muhuri, waandike jina la kifaa kwa Kimeru, Kiembu na Kiswahili, kisha waulize: nani alikivaa, wapi, na kilifikaje hapa? Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine ipelekwe katika Makumbusho ya Meru. Mkusanyaji naye asikubali kununua kifaa kabla ya kuandika jina la aliyekitumia. Hilo ndilo daftari ambalo wahenga walilihimiza.