Asilimia Tatu ya Nani?

Siku hizi ni vigumu kuipata taasisi inayojiheshimu isiyo na sera ya ujumuishi. Sera hiyo huwa na jalada zuri na picha ya kijana anayetabasamu akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Huzinduliwa na mgeni rasmi katika ukumbi wa ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Kijana wa kwenye picha asingeweza kuhudhuria uzinduzi wa sera yake mwenyewe.

Tatizo si kukosa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito, kabila, dini, ulemavu au hali yake ya VVU, na inamtaka awe na mpango wa kukuza fursa sawa, uliosajiliwa kwa Kamishna wa Kazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa walau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu.

Tuitazame hiyo asilimia 3, maana ndani yake pana ujanja mwingi. Taasisi yenye watumishi 400 inapaswa kuwa na 12 wenye ulemavu. Tuseme inao. Wako wapi? Mmoja yupo mapokezi, mwingine anapokea simu, wengine wapo masijala, na baada ya miaka 15 utawakuta palepale. Asiyeona mwenye shahada ya sheria anakabidhiwa simu, si jalada la kesi, kwa sababu majalada bado ni ya karatasi na programu ya kumsomea maandishi ya kompyuta haikuingizwa kwenye bajeti. Ukifika wakati wa kupandisha vyeo, anaambiwa hana uzoefu wa kesi. Uzoefu huo angeupata wapi? Kwenye ripoti ya mwaka, hata hivyo, anahesabiwa.

Tena, ni asilimia 3 ya nani? Wafagizi na walinzi wa jengo hilohilo wameajiriwa na wakala. Hawamo katika orodha ya watumishi, hawaalikwi kwenye semina ya ujumuishi (inayoendeshwa kwa Kiingereza, tena katika nchi hii!), lakini ndio waliopanga viti vya semina hiyo alfajiri. Taasisi imewatoa kwanza wale wa chini kabisa nje ya hesabu, kisha ikajipongeza kwa usawa uliobaki ndani.

Au chukua suala la kunyonyesha. Sheria ileile ya 2004 inampa mama hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mwanawe. Mtumishi wa ofisi ya Posta, Dar es Salaam, anayeishi Chanika, akiondoka kwenda nyumbani saa hizo zitamalizikia kwenye foleni. Haki hii inahitaji chumba, kiti na mlango unaofungwa. Mkurugenzi ana chumba cha faragha cha kupumzikia, ilhali mama anakamua maziwa chooni, na hakuna anayeona kuwa huo ni ubaguzi.

Najua jibu litakalotolewa: gharama, na sifa. Kuhusu gharama, nitaamini siku nitakapoona taasisi iliyokosa fedha za njia ya mteremko mlangoni ikakosa pia fedha za gari jipya la mkuu wake. Kuhusu sifa, tuwe wakweli. Msailiwa kiziwi aliyeitwa kwenye usaili wa ana kwa ana usiokuwa na mkalimani wa lugha ya alama hakushindwa usaili. Hakusailiwa.

Ujumuishi wa kweli unagusa fedha na madaraka, na ndiyo maana unakwepwa. Mahali pa kuutafuta ni katika kasma ya bajeti, katika orodha ya waliopandishwa vyeo kwa kila ngazi, katika mikataba ya mawakala wa usafi na ulinzi, na katika kipimo cha utendaji cha mkuu wa taasisi. Kamati ya jinsia na ulemavu isiyoweza kuidhinisha hata shilingi moja ni kamati ya kunywa chai.

Wanafunzi mtakaokwenda mafunzo kwa vitendo mwaka huu, msirudi na picha za mabango ya ukutani. Ombeni kuuona mpango wa fursa sawa na tarehe uliyosajiliwa. Ulizeni mtumishi mwenye ulemavu aliye na cheo cha juu kuliko wenzake ameshika nafasi gani, na alipandishwa lini mara ya mwisho. Majibu yaandikeni kwenye ripoti zenu, na mkinyimwa, andikeni kwamba mlinyimwa. Nitazisahihisha mwenyewe.