Hamira ya Ufipa ni mali, iandikwe daftarini

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo husikika zaidi madukani na katika vyama vya ushirika, lakini unawahusu pia wakulima wa Sumbawanga na uwanda wote wa Ufipa. Mfipa akiulizwa ana mali gani, atataja mahindi, maharage, ulezi na ng'ombe. Hataji hamira.

Ikumbukwe kwamba hamira si ule unga wa pakiti tu. Ni kiumbe hai, kidogo kiasi cha kutoonekana bila hadubini, kinachokula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ile inayoumua mandazi. Aina zake ni nyingi, na kila moja ina tabia yake. Baadhi huishi katika udongo. Watafiti wa Thailand wamezitafuta katika udongo mweusi wa misitu ya vinamasi, ambako majani huoza polepole ndani ya maji, wakakuta aina nyingi. Kazi hiyo ina maana kiuchumi, kwa sababu zipo hamira za udongoni zinazojaza mafuta mwilini mwake, na zipo zinazotengeneza kichocheo cha kukuza mizizi ya mimea.

Ufipa haina misitu ya namna hiyo. Hata hivyo, ina mabonde ya majani yanayotuamisha maji wakati wa masika, na ina kilimo cha ntumba, ambacho mkulima hufukia majani katika tuta la mviringo ili yaoze, kisha msimu unaofuata huusambaza udongo ule na kupanda ulezi. Zaidi ya yote, ina vyungu vya pombe.

Mpika pombe huloweka ulezi, huuotesha, huuanika na kuusaga kuwa kimea. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Hamira hiyo si lazima itoke dukani. Huja na kimea chenyewe, na nyingine hubaki katika chungu na katika masalia ya pombe iliyotangulia. Pombe ikiharibika humwagwa. Ikitoka nzuri, masalia yake huanzishia nyingine. Kwa kufanya hivyo miaka nenda rudi, akina mama wapika pombe wamekuwa wakichagua mbegu, sawa na mkulima anayechagua hindi bora la kupanda.

Hiyo si hadithi ya kilabuni. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Norway walichapisha matokeo ya uchunguzi wa togwa ya Tanzania. Walikuta aina kadhaa za hamira, ikiwemo Saccharomyces cerevisiae, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya viwanda vya mikate na bia duniani kote.

Hatari ya kutoandika inaonekana kwa jirani. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilidai hadharani kuwa vijidudu vilivyochukuliwa katika Ziwa Bogoria mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilizaa bidhaa ya kufifisha rangi ya nguo za jinzi, iliyouzwa ng'ambo bila Kenya kupata mgao. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu matumizi ya vijidudu vya hifadhi zake. Tofauti ya matukio hayo mawili ni karatasi. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, nayo inasisitiza ridhaa kabla ya kuchukua na mgao baada ya kuuza.

Wapo watakaosema mkulima wa Rukwa ana shida kubwa zaidi: bei ya mahindi, mbolea na usafiri. Ni kweli. Hamira haitachukua nafasi ya mbolea, na anayeuza chupa kwa ahadi hiyo asinunuliwe. Lakini mahindi yanalimwa pia Mbeya, Iringa na Ruvuma, na mwenye bidhaa inayopatikana kila mahali hapangi bei. Mwenye kitu cha pekee ana nafasi ya kukaa mezani na kujadiliana.

Hatua za kuanzia hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, serikali ya kijiji iandike katika muhtasari wake kila anayechukua sampuli ya udongo, kimea au pombe, imetoka wapi, ni ya kazi gani, na kibali chake cha utafiti kutoka COSTECH kinasemaje. Pili, wapika pombe wajiunge katika vikundi na kuweka kumbukumbu ya kimea na masalia yanayowapa pombe nzuri. Tatu, halmashauri ziwaalike SUA na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, wazichunguze na kuzihifadhi hamira hizo kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja vijiji na vikundi zilikotoka.

Daftari la shule na kalamu vinatosha kuanza. Mgeni mwenye kichupa cha sampuli akishaondoka bila kuandikwa, kumdai mgao itakuwa kazi ya mahakamani, na huko mkulima hufika bila ushahidi.