Unalipia mfuko mzima, sehemu inapotelea hewani

Wasee wa Machakos, leo tuongee mbolea. Usipite. Wengi wetu tuko mjini na shamba tunaliona Disemba, lakini doh ya mbolea ya shagz inatoka kwa M-Pesa zetu. Hii ni stori ya pesa yako.

Kila msimu tunauliza maswali yale yale: mbolea imefika NCPB? Ni ngapi? Mwaka 2023 serikali ilishusha mfuko wa ruzuku wa kilo 50 kutoka 3,500 hadi 2,500, na ni sawa. Swali langu ni lingine: kwa huo mfuko, mahindi yanakula kiasi gani?

Chukua urea. Kilo 50 zina kilo 23 za naitrojeni. Ukiimwaga juu ya udongo na kuiacha, unyevu kidogo unaiyeyusha, vimeng'enya vya udongoni vinaivunja, na sehemu yake inageuka amonia. Hiyo ni gesi, ile inayonuka kwa choo chenye mkojo wa siku nyingi. Jua likiwaka na upepo ukivuma, imeenda. Manyunyu ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yanaiyeyusha bila kuishusha chini.

Inapotea ngapi? Wanasayansi hutumia modeli: unaingiza aina ya mbolea, joto, udongo na namna ulivyoiweka, unapata makadirio. Bouwman na wenzake mwaka 2002 walikadiria kwamba nchi zinazoendelea hupoteza 18% ya naitrojeni ya mbolea kama amonia, nchi za viwanda 7%. Mwaka 2019 IPCC iliweka 15% kwa urea na 5% kwa kundi la mbolea lenye CAN. Hizo ni wastani, shamba lenu linaweza kuzidi au kupungua. Lakini 15% ya mfuko wa 2,500 ni shilingi 375. Hewani tu hivyo.

Kinachoniuma ni hiki. Miaka ya 1980, watafiti wa Kenya na Australia walikuwa Katumani, hapa hapa kwetu, wakichukua modeli ya mahindi ya Marekani iitwayo CERES na kuipanga upya iendane na ukame wetu. Walitaka kujua mkulima aweke naitrojeni kiasi gani wakati mvua haiaminiki. Kazi hiyo ni mmoja wa mizizi ya APSIM, modeli inayotumika leo dunia nzima. Yaani Ukambani ilisaidia kufundisha kompyuta za watu, halafu shosho wa Mwala bado anabahatisha siku ya kuweka mbolea.

Na njia ya kumfikia tayari ipo. Mkulima wa ruzuku amesajiliwa, na hupata SMS ya kwenda kuchukua mbolea. Namba ile ile inaweza kumwambia lini aiweke: "Wiki hii ni manyunyu, ngoja. Alhamisi kuna mvua ya maana." Utabiri wa hali ya hewa upo, na modeli zipo. Tunahesabu mifuko iliyotoka ghalani na hatuhesabu naitrojeni iliyobaki udongoni. Kwangu mimi, ruzuku inayoishia kwa mlango wa ghala ni nusu ruzuku.

Najua mtasema kufukia ni kazi na kibarua analipwa. Kweli, kumwita mtu siku nzima kuokoa 375 haina maana. Ndiyo maana iwekwe wakati wa palizi, jembe likiwa tayari mkononi: tengeneza mfereji mdogo pembeni mwa mahindi, weka, fukia kama sentimita 5. Ama ingoje mvua ya kulowesha udongo vizuri.

SMS ya serikali tuendelee kuidai. Lakini msimu huu, ukituma pesa ya mbolea nyumbani, usikate simu kabla hujamwambia mwaitu neno moja: afukie.