Protini ya Lebo na Protini ya Tumboni: Kimiminika cha Molasi na Urea Katika Malisho ya Baridi

Katika nyanda za Marekani, kuanzia Oklahoma na Kansas hadi Nebraska na Montana, wafugaji wengi wa ng'ombe wa nyama huwaacha ng'ombe wao malishoni msimu mzima wa baridi, wakila nyasi zilizokomaa na kukauka zikiwa bado zimesimama. Nyasi hizo zina nishati ya kutosha iliyofungwa ndani ya nyuzinyuzi, lakini protini yake mara nyingi hushuka hadi kati ya asilimia 4 na 6 ya uzito mkavu, ilhali ng'ombe mwenye mimba anahitaji asilimia 7 au 8. Pengo hilo, dogo kwa tarakimu, ndilo linalouza bidhaa nyingi, na mojawapo ni kimiminika cha protini, yaani molasi iliyochanganywa na urea, madini na vitamini, ambacho hutiwa katika matangi ya kulambwa. Makala haya yanashikilia kwamba kimiminika hicho kimepewa sifa kubwa kuliko kazi yake, na kwamba mfugaji anayeweza kulifikia kundi lake angalau mara mbili kwa wiki ana njia bora zaidi.

Ng'ombe ni mcheuaji, maana yake ni mnyama anayemeza majani kabla ya kuyatafuna barabara, akayalaza katika tumbo la kwanza, kisha akayarudisha kinywani ayacheue. Tumbo hilo, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100, ni pipa la kuchachushia lililojaa bakteria na vijidudu vingine, na hao ndio wanaozivunja nyuzinyuzi ambazo ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuzimeng'enya. Ili wazaliane, bakteria wanahitaji naitrojeni. Wakiikosa, uchachuaji hupungua, majani hukawia, na ng'ombe huacha kula tumbo likiwa bado limejaa. Ndiyo maana ng'ombe aliyezungukwa na nyasi tele huweza kukonda, na ndiyo maana gramu mia mbili hivi za protini kwa siku zinaweza kumfanya ale nyasi zile zile kwa wingi zaidi na azimeng'enye vizuri zaidi.

Urea, ambayo Friedrich Wöhler aliitengeneza maabarani mwaka 1828, si protini. Ina, hata hivyo, naitrojeni ipatayo asilimia 46, na kwa kuwa wakemia hukadiria protini ya chakula kwa kuzidisha naitrojeni mara 6.25, kilo 1 ya urea huandikwa katika hesabu za malisho kuwa ni sawa na kilo 2.87 za protini. Ikifika tumboni hugeuka haraka kuwa amonia, na bakteria huiunga amonia hiyo na mabaki ya wanga waliouvunja, wakajijengea miili yao, kisha wao wenyewe husombwa hadi sehemu zinazofuata za tumbo na kumeng'enywa kama protini halisi. Jambo hili limethibitishwa bila shaka: mwaka 1966 Artturi Virtanen wa Finland, mwanakemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alichapisha matokeo ya ng'ombe waliotoa maziwa ilhali chakula chao hakikuwa na protini, naitrojeni yao ikitokana na urea na chumvi za amonia. Lakini ng'ombe wa Virtanen walilishwa pia wanga na sukari kwa mgawo uliopimwa, na hapo ndipo wanapoachana na ng'ombe wa Montana mwezi wa Januari. Urea huvunjika kwa muda mfupi, nyuzinyuzi za nyasi kavu huvunjika polepole mno, na sukari ya molasi iliyolambwa ni kidogo, hivyo amonia hutangulia kabla nishati ya kuitumia haijapatikana. Ziada hupenya ukuta wa tumbo, ini huigeuza tena kuwa urea, na sehemu yake hutoka na mkojo.

Kanuni za lebo za Marekani humtaka mtengenezaji aonyeshe kiasi cha protini kinachotokana na naitrojeni isiyo ya protini, na mfugaji asiyesoma mstari huo hununua namba. Kimiminika kinachotajwa kuwa na protini asilimia 32, ambamo asilimia 28 ni ya urea, kikilambwa kilo 1 kwa siku huhesabiwa kumpa ng'ombe gramu 320, ingawa zilizotoka kwenye mimea ni gramu 40 tu. Majaribio ya malisho makavu katika majimbo ya Oklahoma na Kansas yameonyesha kwamba urea katika mazingira hayo hailingani na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, na maofisa ugani wengi huihesabu kwa nusu ya thamani yake au chini ya hapo. Kwa nusu, gramu 280 zinabaki 140, na jumla inakuwa 180. Vidonge vya mashudu yenye protini asilimia 42, vikitolewa gramu 450 kwa siku, hutoa gramu 189. Kilo nzima ya kimiminika, basi, inazidiwa kidogo na mashudu yasiyofika hata nusu kilo.

Hoja kuu ya wauzaji ni kuokoa kazi: tangi hujazwa mara moja na ng'ombe hujihudumia kwa wiki kadhaa. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa dizeli na vibarua ni ghali na theluji hufunga njia, lakini hupungua nguvu pale inapokumbukwa kwamba protini ya mashudu haihitaji kutolewa kila siku. Ng'ombe hurudisha naitrojeni tumboni kupitia mate na ukuta wa tumbo, kwa hiyo mgawo wa siku tatu unaweza kutolewa kwa pamoja bila hasara kubwa. Urea haivumilii utaratibu huo, kwani ng'ombe mwenye njaa akiinywa nyingi kwa mkupuo anaweza kufa kwa sumu ya amonia ndani ya saa chache.

Tangi lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Juu yake kuna magurudumu yaliyozama nusu katika molasi. Ng'ombe hulamba gurudumu, nalo huzunguka na kupandisha ute mwingine mweusi, ili kila mmoja apate kidogo kidogo. Magurudumu, hata hivyo, ni machache na kundi ni kubwa. Ng'ombe wazee wenye pembe au ubabe husimama hapo muda mrefu, na mitamba wenye mimba ya kwanza, ambao bado wanakua na ndio wenye uhitaji mkubwa kuliko wote, husubiri pembeni hadi kundi liondoke, kisha hulifuata bila kulamba. Bowman na Sowell wa Montana, katika mapitio yao ya tafiti waliyoyachapisha mwaka 1997, walionyesha kwamba ulaji wa virutubisho vya kujihudumia hutofautiana sana kati ya mnyama na mnyama, na kwamba baadhi hawagusi kabisa. Wastani wa kundi, ambao ndio mfugaji anaoujua kwa kupima tangi, huficha hali hiyo.

Kwamba protini yenyewe inafaa si jambo la kubishaniwa. Katika vilima vya mchanga vya Nebraska, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska waliwapa ng'ombe wenye mimba kubwa gramu 450 hivi za vidonge vyenye protini asilimia 42 kwa siku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba mabinti wa ng'ombe hao walishika mimba kwa asilimia 93, wakati mabinti wa wale wasiopewa walifikia asilimia 80. Faida, kwa hiyo, ilimfikia ndama akiwa bado tumboni, na ikaonekana karibu miaka miwili baadaye. Ng'ombe aliyekosa nafasi kwenye gurudumu mwezi wa Februari anaweza kupitisha upungufu huo kwa kizazi kinachofuata.

Suala hili linawahusu pia wafugaji wa Afrika Mashariki, ingawa hawana theluji. Ngitili za Wasukuma, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, ni nyasi kavu zilizosimama zenye upungufu ule ule, na molasi ya viwanda vya sukari na urea ya dukani hupendekezwa kama tiba. Palipo na mashudu ya pamba au alizeti kwa bei ya haki, hayo yanapaswa kutangulia, na urea isitiwe mkononi mwa mtu asiye na mizani.

Kimiminika kina mahali pake: katika malisho ya mbali yasiyofikika kwa wiki nzima, kwa kundi la ng'ombe wazima waliozoea tangi, na magurudumu yakiwa ya kutosha. Kwingineko kote, kilo yake haistahili kununuliwa kwa zaidi ya nusu ya bei ya kilo ya mashudu.