NANI ALIYEISHIKA MALI?

Shitaka la kuingia kwa jinai si geni katika Mahakama za Mwanzo za Tanzania. Watu wawili wanagombea shamba. Mmoja analima, mwingine anakimbilia polisi, na kabla haijajulikana mpaka uko wapi, mkulima yumo mahabusi. Mwenendo huu hatuukubali, nasi twaona kwamba chanzo chake ni neno moja lisilofahamika sawasawa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haisemi kwamba kuingia tu katika mali ya mtu ni jinai. Yasema ni kosa kuingia, pasipo haki, katika mali iliyo mikononi mwa mwingine, kwa nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi yule aliyeishika. Maneno hayo yafanana mno na yale ya sheria ya jinai ya Bara Hindi ya mwaka 1860. Basi linaloulizwa kwanza si nani mwenye mali, bali ni nani aliyekuwa ameishika siku ile.

Na kushika mali si lazima kuikalia. Mwenye shamba Kilosa aliyemwachia mlinzi, naye mwenyewe yuko Dar es Salaam, bado amelishika. Kwa upande wa pili, mpangaji aliyekodi chumba ndiye aliyekishika chumba hicho. Mwenye nyumba akimvamia usiku ili amtukane, hati ya nyumba peke yake haimtoshi kuwa kinga. Wenye nyumba wengi watashangaa kusikia hivyo!

Lakini mahakama ya jinai si mahali pa kuamulia ardhi ni ya nani. Mahakama Kuu ilisema hayo waziwazi katika hukumu ya kesi iliyochapishwa mwaka 1992: ikiwa ardhi yenyewe ina mgogoro, shitaka hili haliwezi kusimama mpaka haki ya mwenyewe iamuliwe kwa kesi ya madai. Tena aliyelima akiamini kwa moyo safi kwamba ni haki yake, Kanuni yenyewe humwepusha na hatia. Hakimu na aulize hayo kabla ya kumsomea mtu hukumu.

Adhabu iliyoandikwa ni kifungo cha miezi mitatu, nayo hufika mwaka mmoja ikiwa palipoingiwa ni nyumba ya kukaa watu. Miezi mitatu wakati wa kupanda ni msimu mzima, na mkulima akitoka gerezani pengine atakuta mwingine ndiye aliyelishika shamba.